Nani Kamuua Jogoo wa Mama Mkwe? (Sehemu ya 6)

  

Sehemu ya 5 ilikuwa ya homa, mkasema nimewatisha. Leo tunacheka. Ila usipite haraka, mama, kwa sababu ndani ya kicheko hiki kuna sumu, na sumu yenyewe ni ya kweli.

Nina mchezo wa kuigiza ninaoucheza peke yangu kwenye vikundi vya kina mama huku kwetu Mbagala. Siku nyingine naitwa mpaka Tegeta. Ni mchezo wa mauaji na upelelezi, dakika ishirini tu. Wahusika watano, mwigizaji mmoja, kitenge kimoja. Marehemu ni jogoo.

Kwa nini jogoo na si mtu? Mimi kazi yangu ni wodini. Najua ukitandika mkeka wakakaa kina mama ishirini, kuna uwezekano mkubwa yupo aliyezika mtoto. Siwezi kumwekea maiti ya binadamu mbele yake halafu nimwambie acheke. Jogoo tunaweza kumlilia kwa kicheko, na aliyemuua anabaki kuwa yuleyule.

Kisa chenyewe: Mama Mkwe kaja kutoka Kilosa na jogoo wake kwenye tenga. Siku ya tatu jogoo kakutwa uani, miguu juu. Anaitwa balozi wa nyumba kumi, anakuja na daftari na kalamu isiyoandika. Washukiwa wanne. Jirani ni mlinzi wa usiku, analala mchana, na jogoo huyo hakujua kuwa kuwika kuna ratiba. Muuza chipsi wa kona alishamuulizia bei mara mbili. Mama Mkwe mwenyewe alikuwa anautamani mchuzi lakini anaona aibu kuomba achinjwe ndege aliyemleta kama zawadi. Na mama mwenye nyumba, aliyechoka kufagia kinyesi sebuleni.

Katikati ya mahojiano, kila mara balozi anapokaribia ukweli, inapita ile spika ya mtaani: “Dawa ya panya! Mende! Kunguni! Viroboto!” Unaijua. Kila anayekaa Dar anaijua. Natia mikono mdomoni kama spika, napita nayo mara tatu mchezo mzima, watu wanacheka mpaka wanalala chini. Balozi anakasirika, anasema, “Hebu huyo apite kwanza, anatuharibia upelelezi!”

Sasa wewe unaweza kusema, dada nesi, mambo ya mtu mmoja kuigiza wengi ni ya wazungu. Hapana, mwenzangu. Bibi yako alipokuambia “Paukwa!” ukaitika “Pakawa!”, alikuwa sungura, akawa fisi, akawa simba, na hakuinuka kwenye kigoda. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, aliichukua njia hiyohiyo ya mtambaji wa hadithi akaitia kwenye tamthilia zake mbili fupi za mwaka 1976, Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi. Upelelezi nao tunao wetu siku nyingi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimtoa Bwana Msa na kiko chake kwenye Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha mwaka 1960.

Na yule Agatha Christie wa Uingereza, ambaye mchezo wake The Mousetrap ulianza kuonyeshwa London mwaka 1952? Huyo ni mwenzetu kabisa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alijitolea kuuguza majeruhi, kisha akahamia chumba cha dawa cha hospitali. Sumu alizijulia hapo. Kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1920, mtu anauawa kwa sumu. Kwa hiyo nesi kutunga hadithi za mauaji si mambo mapya, msinishangae.

Ukitaka kutunga wa kwako uwachezee wanao umeme ukikatika, fanya hivi.

Anzia mwisho. Jua kwanza nani kaua na kwa nini, ndipo urudi nyuma kutawanya dalili. Dalili ya kweli iweke mahali pa kuchekesha, maana mtu anayecheka hachunguzi. Ndiyo maana ile spika inapita mara tatu na hakuna anayeishuku.

Kila mhusika mpe alama moja tu. Kitenge kikiwa kichwani ni Mama Mkwe, begani ni jirani, kiunoni ni muuza chipsi, kifuani ni mama mwenye nyumba. Balozi hana kitenge, ana daftari. Wawili wakizungumza, mmoja anatazama kulia, mwingine kushoto, na usiwachanganye hata siku moja. Mtoto wa miaka minne atakushika ukikosea.

Marehemu ni mto uliofungwa khanga. Usinunue kitu.

Halafu, kabla ya kufichua, simama. Waulize watazamaji: “Nani kaua?” Acha wabishane. Hapo ndipo kazi yote ilipo. Kliniki tunawahubiria kina mama “weka sumu mbali na watoto”, wanaitikia “ndiyo sista”, na akili zao ziko kwenye foleni. Lakini mtu aliyebishana dakika tano kumtetea muuza chipsi, jibu likija linamwingia.

Na kura karibu zote huwa zinamwangukia Mama Mkwe. Jamani, mawifi na wakwe mna kesi ngumu!

Balozi anapiga magoti, anachungulia chini ya kitanda cha mwenye nyumba. Anatoka na kipande cha mkate kilichodonolewa. Mkate umepakwa dawa ya panya. Hakuna aliyemchukia jogoo kiasi cha kumuua. Mtego ulikuwa wa panya, ukawekwa sakafuni, jogoo akaingia chumbani akala. Kisha balozi anasema neno lake la mwisho: “Huyu jogoo katangulia tu. Nyumba hii nani mwingine anapita chini ya kitanda?”

Siku moja kikao kilikuwa kimya hapo, katoto ka miaka kama mitano kakasema kwa sauti: “Mama, na sisi mkate wetu upo.” Hakuna aliyecheka. Mama yake aliinuka, akavaa kandambili, akaenda nyumbani. Aliporudi alikuwa amenawa mikono mpaka kwenye viwiko, akakaa, akamweka mtoto mapajani. Hakuna aliyemuuliza kitu, na mimi sikuongeza hata sentensi moja.

Basi mama, yabebe haya.

Mtoto akishaanza kutambaa, sakafu ni yake. Dawa ya panya, mafuta ya taa na jiki vikae juu, pamefungwa. Usivitie kwenye chupa ya soda au ya maji, kwa sababu mtoto hasomi, anatambua chupa.

Akimeza, usimtapishe. Mafuta ya taa yakirudi juu huingia kwenye mapafu, na hapo ndipo hatari inapokuwa kubwa. Usimlazimishe maziwa, maana kwa mafuta ya taa yanaweza kumtapisha. Mkimbize hospitali, na ubebe chupa au pakiti tujue ni sumu gani.

Usingoje aonekane mgonjwa. Ziko dawa za panya zinazozuia damu kuganda, na dalili zake huchukua siku mbili tatu kutokea. Mtoto anaweza kuwa anacheza mpira kabisa leo.

Kazi ya nyumbani: leo usiku piga magoti kama balozi, chungulia chini ya kitanda chako. Ukishamaliza, njoo kwenye komenti uniambie umekuta nini. Na ungempigia nani kura? Mkimtaja mama mkwe tena nitawasemea.

Sehemu ya 7 ni ya mtoto asiyetaka kula. Mtumie mwenzio mwenye mtoto anayetambaa.