Daftari la pesa za Baba

Jumanne, 14 Mei 2019

Hati ya uwakili wa mali ya Baba imetiwa sahihi leo. Nilikusudia kuketi karibu na Baba nimsaidie kujibu, lakini mwanasheria alinitoa nje kwa adabu na kufunga mlango. Njiani Baba akanihadithia: ameulizwa ana mali gani, watoto wangapi, na mbona amenichagua mimi na si kaka. "Nimemwambia huyu husoma risiti," akasema, akacheka na swaumu yake.

Kabla hatujaondoka mwanasheria alitueleza jambo ambalo mtaani kwetu wengi hawalijui. Karatasi hii yategemea akili ya aliyeitoa. Siku Baba atakapokuwa hafahamu tena anachoulizwa, uwakili wangu umekwisha. Itabidi kwenda Mahakama Kuu kuomba msimamizi wa mali yake chini ya sheria ya afya ya akili. Akifariki pia umekwisha, na hapo ni warithi na Kadhi. Kwa hivyo yafaa kipindi hiki tu, miguu imechoka na kichwa bado kipo. Watu hungoja mpaka mzee asahau majina ya wanawe ndipo wakimbilie kwa mwanasheria. Washachelewa.

Jumatatu, 3 Juni

Juzi, siku ya Madaraka, gavana wa Benki Kuu ametangaza: noti za zamani za elfu moja mwisho wake 30 Septemba. Moyo ulinipiga, maana namjua Baba. Umri wake wote bandarini, na benki hakuiamini hata nusu.

Chini ya godoro, mfukoni mwa kanzu ya Idi, ndani ya boksi la viatu: shilingi 186,000, zote za elfu elfu.

"Wanihesabia pesa zangu, mwanangu?"

"Nakuhesabia, Baba, zisije zikafa."

"Pesa nazo hufa?"

Nikamwonyesha picha ya noti mpya kwenye simu. Akaigeuza huku na huku. Noti bila uso wa mtu ni noti ya nani? Nikamwambia Katiba ya 2010 imekataza picha ya mtu kwenye pesa. Kisha nikamwonyesha sanamu ya Mzee Kenyatta mbele ya jumba la KICC, humo humo kwenye noti, akatulia kidogo.

Jumapili, 7 Julai

Benki haikutosheka na hati. Yataka na fomu yake yenyewe, na Baba aende kwa miguu yake. Tulikwenda. Sina la kuongeza hapo.

Matumizi ya Juni: maji ya mkokoteni, dawa za presha, mshahara wa dada wa kazi, na kodi ya ardhi, kwa kuwa nyumba ni ya Baba lakini kiwanja kina mwenyewe, kama nyingi hapa Majengo. Wapangaji wa vyumba vya mbele walikuwa wakimpa mkononi. Sasa hutuma kwenye laini ya Baba mwenyewe. Nimekataa isiingie simuni mwangu hata shilingi, maana pesa mbili zikishachanganyika simu moja, hakuna ndugu atakayekubali hesabu yako.

Kaka kapiga kutoka Muscat. Yeye ataka sadaka za Ijumaa zipunguzwe, na ile kahawa Baba anayowanunulia wazee barazani ikome. "Tumwekee akiba," asema.

Akiba ya nani? Baba ana miaka 81. Tutakaoirithi ni sisi. Kila shilingi nitakayombania leo, kesho kaka atachukua mafungu mawili na mimi moja. Wakili ambaye pia ni mrithi akianza kusifiwa kwa kubana matumizi, huyo ndiye wa kuchunguzwa. Kahawa itaendelea.

Alhamisi, 18 Julai

Zaka imenisumbua. Ramadhani Baba alitoa kwa pesa zilizoko benki, na zile za godoroni hazikuhesabiwa. Ustadhi amesema ikiwa mwaka umezipitia, zina haki ya maskini. Asilimia 2.5 ya 186,000 ni 4,650. Sikuitoa kwa rai yangu. Nilimngoja Baba baada ya Alasiri, saa ambayo kichwa chake huwa safi, nikamweleza. "Toa," akasema, "na uanze na yule mjane wa nyuma." Nimeandika jina la mjane na kiasi, Baba akaweka sahihi chini.

Jumamosi, 28 Septemba

Pesa zote za zamani zimeshaingia benki. Nimemtolea 20,000 kwa noti za mia tano na za mia, ambazo hata za zamani bado zatumika, maana mzee asiyeshika pesa mkononi hujiona amefilisiwa na wanawe.

Dada yangu sasa aniambia nitumie hati kuiandika nyumba jina letu "kabla mambo hayajaharibika". Hati imenipa kusimamia mali ya Baba, haikunipa kujigawia. Baba akitaka kutoa nyumba, ana ulimi wake.

Nimeandika kwenye kundi letu la WhatsApp: daftari na risiti ziko kwangu. Anayetaka kukagua aje, na aje baada ya Alasiri, Baba akiwapo, ili aulizwe mwenyewe.