Ushuru wa Kichwa

Jumatano, 20 Machi 2024

Soko la mifugo, Garissa. Ramadhani, jua la utosini, na madalali wako kazini kama kawaida yao: mikono chini ya shuka, vidole vinapatana bei, nyuso kavu. Bei hiyo hainihusu mimi karani wa ushuru. Ushuru ni wa kichwa. Ngamia ana wake, ng'ombe wake, mbuzi wake. Nabonyeza aina na idadi kwenye mashine, mwenye mali analipa kwa M-Pesa, karatasi inatoka. Narudi Bulla Iftin bila shilingi ya mtu mfukoni, na kesho sina foleni ya benki.

Alhamisi, 21 Machi

Ajuza mmoja, mbuzi mmoja, simu ya kabambe isiyo na kitu.

"Mwanangu, niandikie, nikiuza nitalipa."

"Ayeyo, hii haiandiki deni."

Dalali akamlipia, wakahesabiana baadaye. Enzi za kitabu cha risiti karani angemwacha apite. Karani huyohuyo angemwandikia tajiri wa lori ng'ombe kumi na wawili badala ya ishirini na wawili, apewe ya soda. Huruma na wizi vilitumia kalamu moja. Mwenzangu anataka programu iwekewe kitufe cha msamaha. Mimi sikitaki. Katiba, kifungu cha 210, inasema ushuru hausamehewi ila kwa sheria. Basi bunge la kaunti liandike kwamba mwenye mnyama mmoja asilipe. Huyo ajuza asitegemee karani ameamkaje.

Jumatano, 1 Mei

Mto Tana umefurika. Barabara ya Nairobi imekatika Mororo, ng'ambo ya daraja, na Jumapili mashua ilizama kule Madogo, watu wakafa. Malori hayavuki. Mashine ina chaji, mtandao upo, wanunuzi hakuna. Waliokuja na ng'ombe kutoka Balambala wamewarudisha malishoni. Atakayesoma hesabu za mwezi huu ataona mstari umeporomoka, aulize makarani wamekula nini.

Jumatano, 12 Juni

Idd ya kuchinja imekaribia, mbuzi dume wamejaa hadi langoni. Mtandao umesuasua saa nzima. Watu wamenitukana kwa Kisomali na Kiswahili, wote wakiwa na haki.

Jioni nimeongea na rafiki aliye karani kijiji kimoja karibu na mpaka. Huku kwetu Al-Shabaab wamelipua minara ya simu mara nyingi, na wa kwao haujasimama tena. Nikamuuliza anatozaje. Anapokea taslimu, anaandika kwenye daftari la shule, kisha anadandia lori hadi mtandao unaposhika, na kulipia wote kwa simu yake.

Kwa hiyo kwenye mfumo, mifugo yote ya kijiji kile ni yake. Ameniambia akienda kuposa atabeba hizo risiti.