Usaili Umefika, Nywele Je?

Nimeombwa niandike habari za mitindo ya akina dada. Mie ni mtu wa mabomba na pampu, kwa hiyo nitazungumzia kichwa changu mwenyewe. Akina kaka msifunue kurasa, nanyi mna dada na wachumba.

Msimu wa usaili umeanza na kila nikikutana na wenzangu swali ni moja: ninyooshe nywele, au niende nazo hivi hivi? Mama mdogo kanipigia simu kutoka Dar akinisihi niweke dawa, "uonekane mtu wa ofisini." Mwenzetu mmoja wa mwaka wa mwisho ameshanunua kopo. Hebu tulitazame jambo hili kihandisi.

Unywele ni protini iitwayo keratini, na una vifungo vya salfa vinavyousaidia kushika umbo lake la kujikunja. Dawa kali za kunyoosha huvunja vifungo hivyo kwa sodiamu haidroksaidi, yaani kostiki soda, ileile ya kutengenezea sabuni na kuzibulia mabomba. Maabara huigusi bila glavu. Saluni tunapakwa karibu kabisa na ngozi ya kichwa, na ikianza kuunguza tunaambiwa, "Vumilia kidogo, ishike." Jamani!

Tena mwaka 2022 watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani walichapisha matokeo ya kufuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa karibu miaka 11. Waliokuwa wametumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne katika mwaka uliotangulia utafiti walipata saratani ya mji wa mimba kwa kiwango kinachozidi mara mbili ya wasiotumia. Kwa makadirio yao, hadi umri wa miaka 70 ni kama wanawake 4 katika 100, badala ya chini ya 2. Haijathibitishwa kwamba dawa ndiyo chanzo, na walio wengi hawaugui. Lakini pampu ikinipa takwimu kama hizo, naizima kwanza, maswali baadaye.

Simlaumu mtu. Garrett Morgan, mvumbuzi mweusi wa Marekani aliyepata hataza ya ishara ya kuongozea magari mwaka 1923, aliwahi pia kuwa na kampuni ya kuuza dawa ya kunyoosha nywele. Wateja alikuwa nao. Na sisi wa Bongo? Shule tulinyolewa, tulipomaliza kidato cha nne tukakimbilia dawa kuonyesha tumekua. Ndiyo maana wengi tumefika huku hatujui hata nywele zetu wenyewe zikoje.

Sasa kuna mistari, rasta, mabutu, kuna kusuka kwa uzi kama bibi zetu. Kwa sisi wa uhandisi kuna hesabu nyingine, kofia ngumu. Rasta nene zilizofungwa utosini huinyanyua kofia, haikai. Mistari ya kurudi nyuma, ile twende kilioni, hulala chini yake vizuri kabisa.

Sheria pia mzijue. Hapa Uingereza Sheria ya Usawa ya 2010 inakataza ubaguzi wa rangi, na Oktoba 2022 tume ya usawa ilizionya shule kwamba kupiga marufuku mitindo ya nywele kama Afro na ya kusuka, bila kuruhusu tofauti, kuna uwezekano mkubwa wa kuvunja sheria.

Usaili wangu ni mwezi ujao, nafasi ni mbili, na viza yangu inahesabu siku. Kuogopa naogopa, nisiwadanganye. Wakininyima kazi sitajua kama ni nywele au ni majibu yangu. Hata hivyo nitakwenda na twende kilioni, maana nikipata kazi kwa kichwa kingine, itabidi nikitunze kichwa hicho kila baada ya wiki nane mpaka nistaafu.

Anayetaka dawa aweke, bado ni ndugu yetu, ila aweke kwa kupenda. Na kwa kuwa saluni rasta hufika paundi 100 na zaidi, Jumamosi baada ya kikao tutasukana bure jikoni hosteli. Njoo na chanuo, mafuta ya nazi na umbea wa kutosha.