Kuondoa Vitu Visivyo na Kazi Nyumbani

Hapa kwetu Isangi, mahali mto Lomami unapoingia katika mto Kongo, unyevu hauna huruma. Tuko karibu na ikweta, na mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Nguo iliyofungiwa sandukuni huota ukungu, kitabu huliwa na mchwa, kopo tupu huwa makao ya mende. Kitu kisichotumika chaoza, tena chaozesha jirani yake.

Mwaka jana watoto wawili wa marehemu kaka yangu walikuja kukaa kwetu. Chumba kilikuwapo, lakini kilijaa magunia, nyavu zilizochakaa na viti vilivyovunjika. Mke wangu nami tulianza kwa bidii. Siku ya tatu mikono ikalegea, maana kila kitu kina kisa chake.

Basi, haya ndiyo yaliyotuendesha. Kwanza, kazi ya siku iwe ndogo: sanduku moja, si chumba kizima. Pili, kinachotolewa kiondoke siku ileile. Kikilala mlangoni, kitarudi ndani. Tatu, kila nguo nzima itafutiwe mtu wa kuivaa. Mtakatifu Basili, askofu wa Kaisarea katika karne ya 4, alifundisha kwamba nguo tunayoifungia sandukuni ni mali ya aliye uchi. Wazo hilo hutia mikono nguvu kuliko kemeo.

Nne, tulitandika mkeka wa watoto katika pembe ya kwanza iliyopata nafasi. Kila jioni waliona mahali pao pamekua, nasi tukaona sababu ya kuendelea kesho. Usihesabu, ndugu msomaji, vilivyotoka. Mtazame atakayelala pale.