Ukuta na Vitenzi Vyake

Siku hizi fundi akimaliza ukuta husema ameupiga lipu, basi. Neno hilo moja limebebeshwa kazi ambazo wazee wetu wa Mji Mkongwe, Unguja, walizigawa kwa vitenzi kadhaa. Kukandika ni kazi ya udongo, katika nyumba ya miti na fito. Kutomea ni kupachika vijiwe na chokaa katika mianya ya mawe, ili ukuta upate uso. Kusiliba ni kupaka rojo juu yake na kulisawazisha. Mwisho huja niru, chokaa nyeupe laini, ambayo mkono ukiipapasa hudhani ni ganda la yai. (Wanafunzi wangu walidhani Niru ni jina la mwanamke. Sikuwalaumu, neno lina uzuri huo.)

Jambo hili si la kamusi tu. Mwaka jana tulikutana ndugu kuzungumzia nyumba ya marehemu baba, ambayo kuta zake za chini zimeanza kubanduka. Mpwa wangu alileta makadirio ya lipu ya saruji: siku 10, kazi imekwisha. Nikamwambia, "Mwanangu, ukuta huu unapumua." Akacheka kwa adabu. "Mjomba, hilo ni shairi."

Si shairi. Jiwe la matumbawe hufyonza maji ya ardhini pamoja na chumvi yake. Chokaa huupitisha unyevu huo ukakaukia hewani, saruji huuzuia. Maji yakikosa njia hupanda juu zaidi, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, kisha lipu huvimba na kuanguka pamoja na vipande vya jiwe. Hata ncha za boriti zilizozama ukutani huanza kuoza. Chokaa nayo haina haraka: huchomwa, hulowekwa majini, huachwa shimoni kwa miezi, na ukutani hutaka tabaka moja ikauke kabla ya nyingine.

Ni ghali, na mafundi wanaoiweza ni wachache. Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye anayeishi humo, aliuliza swali zito kuliko yote: nani atalipa? Tukakubaliana kuanza na ukumbi wa chini, wenye vidaka, kwa chokaa. Vyumba vya juu vitangoja.

Fundi tuliyempata ni kijana. Siku ya kwanza nilimuuliza anafanya nini.

"Natomea, mwalimu," akajibu bila kuinua kichwa.