Sarafu ya Nchi Isiyokuwapo

Katika droo ya meza yangu hapa Nduruma ninayo sarafu ya faranga moja iliyopigwa mwaka 1961. Upande mmoja una ndizi, upande wa pili una msalaba wa mikono minne, na jina la nchi ni Katanga. Nilimwonesha jirani yangu, mzee wa Kimeru, naye akacheka: “Daktari, hii ni ya kwetu. Ndizi hizi huzioni?” Nilipomweleza kwamba nchi hiyo haipo, na kwamba hata ilipojitangaza hakuna taifa lililoitambua, aliigeuza mara mbili tatu kisha akauliza: “Sasa waliitengeneza ili wanunue nini?”

Wanafunzi wangu wa shahada ya pili hulizunguka swali hilo kwa kurasa kumi.

Moïse Tshombe alitangaza uhuru wa Katanga tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja tu baada ya uhuru wa Kongo yenyewe. Alikuwa na askari wa Kibelgiji, na kampuni ya madini ya Union Minière ikimlipa kodi iliyopaswa kwenda Léopoldville. Kilichokosekana ni heshima ya udola, na heshima hiyo ilitafutwa kwa bendera, stempu na sarafu. Msalaba ule haukuwa wa kanisani. Ni umbo la vipande vya shaba vilivyotumika kama fedha katika nchi ile karne nyingi kabla ya Mbelgiji kufika. Makaburi ya kale ya Sanga, karibu na Ziwa Kisale, yamefukuliwa vikiwamo. Kwa hiyo dola iliyosimama kwa fedha za kampuni ya kigeni ilijivika alama ya mababu. Sijaona ujanja wa kisiasa ulio mwepesi kubeba mfukoni kuliko huo.

Sarafu yangu ni ya matumizi ya kawaida. Lakini mwaka huohuo ilipigwa nyingine ya dhahabu, zaidi ya gramu 13, ikiandikwa thamani ya faranga 5. Msomaji apige hesabu mwenyewe: nani angelipa dhahabu yote hiyo kwa bidhaa ya faranga 5? Haikukusudiwa soko. Ilikusudiwa kabati la mkusanyaji wa Ulaya na, nadhani, macho ya mabalozi. Januari 1963 majeshi ya Umoja wa Mataifa yalihitimisha jambo lote.

Biafra ilifuata njia hiyo mwaka 1969, kwa sarafu za dhahabu za kuadhimisha miaka miwili ya uhuru wake, watoto wake wakifa kwa njaa ya kuzingirwa. Hapa siwezi kudhihaki kwa urahisi, kwa sababu Tanzania iliitambua Biafra tarehe 13 Aprili 1968, kabla ya taifa lingine lolote, na naamini Mwalimu Nyerere alikuwa na hoja nzito: dola isiyolinda uhai wa watu wake haina haki ya kudai utii wao. Hata hivyo dhahabu ile hainitulizi moyo.

Kuna upande wa kuchekesha. Leonard Casley, mkulima wa Australia Magharibi, aligombana na serikali kuhusu kiwango cha ngano alichoruhusiwa kuuza. Mwaka 1970 akatangaza shamba lake kuwa nchi, Hutt River, akawa mwana wa mfalme na baadaye akatoa sarafu. “Nchi” hiyo ilifungwa mwaka 2020 ikidaiwa kodi na serikali ileile. Nikikumbuka ugomvi wa zamu za maji ya mifereji hapa kwetu, nashukuru kwamba hakuna aliyepata wazo hilo.

Sisi pia tumepiga sarafu za kumbukumbu. Ile ya shilingi 5 ya mwaka 1971, yenye pande kumi, iliadhimisha miaka kumi ya Uhuru, na mama yangu aliitumia gulioni bila kuitazama mara mbili. Kwangu hiyo ndiyo adhama yake. Ilinganishe na sarafu za mwaka 2004 zenye umbo la gitaa, zilizotolewa kwa jina la Somalia na kuhesabiwa kwa dola, wakati nchi hiyo haikuwa na serikali kuu inayofanya kazi tangu 1991. Jina la taifa lililojeruhiwa lilikuwa limegeuzwa bidhaa.

Jirani yake, Somaliland, ndiyo inayonisumbua zaidi. Imekuwa na shilingi yake tangu 1994, na mjini Hargeisa wabadilishaji fedha hukaa barabarani na marundo ya noti hizo, wala hazilindwi kwa bunduki. Noti hizo hununua nyama ya ngamia kila siku ingawa Umoja wa Mataifa hauna kiti cha nchi hiyo. Lakini mwaka 2002 ilitolewa sarafu ya shilingi 5 yenye sura ya Richard Burton, mpelelezi Mwingereza ambaye mwaka 1855, pale Berbera, Wasomali walimchoma mkuki ukapenya mashavu yote mawili. Anayepanga foleni ya nyama Hargeisa hakuagiza sura hiyo.