Vigingi alipigilia nani?

Samahanini kwa kimya cha wiki mbili. Kazi za chumba cha habari mnazijua, lakini safari hii si kazi tu. Kuna jambo nimekuwa nikiliandika na kulifuta.

Mwaka jana mwezi Agosti tulikuwa na msiba nyumbani kwa baba mdogo, Tabata. Turubai la kukodi, viti vya plastiki, masufuria nyuma ya nyumba, mnaijua picha. Siku ya pili, kama saa tisa alasiri, kusi likaamka. Upande wa uani ukavimba kama tanga la jahazi, kamba mbili zikang'oka pamoja na vigingi vyake, na bomba la kona likamwangukia shangazi begani. Mtulinga ukavunjika. Wiki sita mkono shingoni.

Jioni ile ile nilikuwa nimeshaiandika habari kichwani: wakodishaji wa maturubai wasiojali maisha ya watu. Nikampigia mhariri wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Vigingi alipigilia nani?"

Nikamjibu kwamba nitamwuliza mwenye turubai. Jibu nilikuwa nalo. Kijana wa turubai alikuwa anawahi shughuli nyingine, upande wa uani akauacha haujakwisha, na aliyeichukua nyundo ni mimi.

Uwanja ule umejazwa kifusi. Kigingi cha kwanza kilizama kama kijiko kwenye uji, nikaona hapa hapafai, nikasogea hatua mbili. Pale kikaingia nusu na kugoma. Nikapiga mpaka viganja vikafa ganzi. Nikajisemea, hapa pamekamata kweli kweli. Tulipokuja kufukua baadaye tukakuta kipande cha tofali. Ncha ilikuwa imegota kwenye tofali, na kilichokuwa kinakishika kigingi ni mchanga mkavu usiozidi shibiri moja. Kumbe ugumu niliousikia mkononi ulikuwa unanidanganya.

(Nje ya mada kidogo: kwenye kamusi, kigingi cha hema kinaitwa pia mambo. Yaani kutwa nzima sisi vijana tunaulizana habari za vigingi, na tunajibu "poa".)

Nilipiga hesabu, japo hesabu ndiyo iliyonikimbizia kwenye uandishi. Upepo wa kilomita 50 kwa saa unaukandamiza ukuta ulioukabili kwa nguvu ya karibu kilo 12 kwa kila mita ya mraba. Upande wa turubai wa mita 12 kwa mita 2.5 ni mita 30 za mraba. Hizo ni kilo 360, mifuko saba ya saruji na zaidi. Na kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake inakuwa mara nne. Mzigo wote huo tunaukabidhi kwa vipande vya nondo.

Nondo iliyonyooka hushikwa na msuguano wa udongo ubavuni, na udongo ulio mbele yake usiotaka ilale. Basi. Njia iliyoingilia ndiyo hiyo hiyo ya kutokea. Nikaanza kutafuta kama kuna mtu aliyewahi kusumbuliwa na jambo hili kabla yangu, nikakutana na mzee mmoja ambaye sikutegemea kabisa.

Anaitwa Alexander Mitchell. Alizaliwa Dublin mwaka 1780, akaishi Belfast, na akawa kipofu akiwa bado kijana. Mwaka 1833 alipata hataza ya nguzo ya chuma yenye skrubu pana mguuni. Kwanza ilitumika kufungia meli, kisha ikabeba minara ya taa mahali ambapo hakuna mwamba wa kujengea. Mwaka 1838 nguzo zake 9 zilizungushwa kwenye fungu la Maplin Sands, karibu na mlango wa mto Thames, kila moja na skrubu yenye upana wa futi 4. Wanaume walisimama juu ya chelezo wakasukuma mipini kwa kuizunguka, wakaishusha ardhini namna hiyo. Mnara ule ulisimama hadi mwaka 1932.

Nimemfikiria sana mzee huyu. Skrubu inaingia kwa kuzungushwa lakini mvuto wa turubai hauizungushi, unaivuta. Ili itoke lazima ibebe udongo wote uliolala juu ya bapa lake. Halafu kuna hili ambalo wahandisi wa leo wanalitumia: kadiri inavyokuwa ngumu kuizungusha, ndivyo inavyotarajiwa kushika. Wanapima nguvu ya kuzungusha na kukadiria mzigo. Ikikutana na tofali inazunguka palepale bila kushuka, na unaliona jambo hilo kwa macho. Au kwa mikono, kama huna macho.

Jibu la pili linatoka kwa mhunzi mweusi wa New Bedford, Marekani, Lewis Temple. Mwaka 1848 alitengeneza chusa ya kuvulia nyangumi ambayo kichwa chake huingia kimenyooka, kisha kamba ikivutwa kinageuka na kukaa upande. Wawindaji wa Aktiki walikuwa na vichwa vya namna hiyo zamani sana, lakini ya kwake ilienea kwenye meli za nyangumi, na hakuichukulia hataza. Leo kuna nanga za ardhini zinazofuata wazo hilo hilo: unazipigilia kwa fimbo ya chuma, unachomoa fimbo, unavuta waya, bamba linalala kule chini. Ni rahisi kuliko skrubu kwenye ardhi ngumu. Ubaya wake ni kwamba ukishaizika umeiacha, na mwenye turubai anahama kesho asubuhi.

Kwa hiyo nikaenda na mchoro wangu kwa fundi wa kuchomelea, Buguruni. Nondo ya milimita 16, urefu sentimita 90, bapa la upana wa sentimita 15 lililokatwa na kupindwa, pete juu ya kupitishia bomba la kuzungushia. Tukajaribu kwenye mchanga, Kigamboni. Nondo tupu ya urefu huo nilichomoa peke yangu. Ya skrubu tulivuta watatu, bomba begani, haikunyanyuka. Nilijiona Mitchell!

Sifa hazikudumu. Tulipofunga kamba ya turubai, shingo ilipinda, kwa sababu niliizika wima wakati kamba inavuta mshazari. Inabidi iingie kwa kuielekeza kamba inakotoka. Na Pugu, kwenye udongo mwekundu uliokauka, bapa lilikwaruza juu tu kama kuku. Fundi akacheka, akasema bapa moja haliwezi kula chakula chote. Wazo lake ndilo bora kuliko yangu yote: shina liwe moja, mabapa mawili, pana la mchangani na dogo la ardhi ngumu, yafungwe kwa bolti moja. Dogo linashika kidogo zaidi, kwa hiyo pale unaongeza idadi ya vigingi. Sasa tuna vinane, na mikono miwili inavizungusha bila nyundo.

Jumapili iliyopita nilikwenda Kibaha kwa shangazi. Nilikuwa na kigingi kimoja kwenye begi, sijui nilitaka kuficha nini nyuma yake. Nikamwonyesha, nikaeleza habari za Belfast na za nyangumi, mpaka maneno yakaniishia. Ndipo nikasema: "Shangazi, upande ule niligonga mimi."

Aliendelea kuchambua mchele. "Nilikuona," akasema. "Nilikuwa nimekaa palepale. Nikadhani unajua."

Sikuwa na la kusema. Baadaye akakichukua kile kigingi, akakigeuzageuza kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia hauinuki vizuri mpaka leo. Akauliza kama kinaweza kumshika mbuzi. Nikamwambia kinaweza. Akataka viwili.